Vyumba Vinane vya Nsemulwa

Evaline hakuwa na ugomvi na Mpanda. Hakuwahi hata kufika huko wakati mumewe alipoanza kuitaja kila jioni. Ugomvi wake ulikuwa juu ya kiwanja cha Chanika, kwa sababu kiwanja kile alikinunua yeye mwenyewe, kwa vitumbua alivyokaanga miaka kumi na moja kwenye kona moja ya Tandika, akicheza upatu na wanawake wenzake na kupitisha sikukuu baada ya sikukuu bila kitenge kipya.

Hilari, mumewe, alikuwa mtunza ghala katika kampuni moja ya kuingiza sukari, amebakiza miaka miwili astaafu. Walikuwa wapangaji hapo Tandika tangu walipooana, na mwenye nyumba alikuwa ameshawadokeza kwamba watoto wake wanataka kuiuza nyumba, ibomolewe, ijengwe ghorofa.

"Hicho kiwanja cha Chanika tutakijengea nini?" Hilari alimwuliza. "Kufyatua tofali tu hatuwezi. Kwa bei ya kiwanja kitupu cha huku, Mpanda unapata kiwanja na nyumba juu yake. Na Mpanda ya sasa siyo ile niliyoiacha. Ni makao makuu ya mkoa, lami imefika, kila kukicha wanashusha watumishi. Walimu, manesi, watu wa ofisini, wote wanatafuta pa kupanga. Huku Dar tutakufa wapangaji, mama Thadei. Kule wenye nyumba tutakuwa sisi."

Hilari alikuwa Mpimbwe, mzaliwa wa Usevya, kusini mwa Mpanda, kwenye bonde la mpunga ambako kaka yake Ponsian alikuwa bado analima mashamba ya baba yao. Kwake yeye kwenda Mpanda ilikuwa kurudi nyumbani. Evaline alikuwa wa Matombo, Morogoro, na huo mkoa wa Katavi aliujua kwenye utabiri wa hali ya hewa tu.

Alikataa masika yote na kiangazi chake. Siku aliyokubali, alikuwa jikoni. Watoto wa mwenye nyumba waliingia na futikamba wakapima chumba chao, kona hadi kona, na yeye yumo ndani, mafuta yako motoni. Mmoja alimwomba asogeze miguu. Jioni ile Hilari aliporudi, alimkuta amekaa kitandani. "Kiuze," alimwambia. "Lakini jina langu liwemo." Hilari akasema litakuwemo, litaachaje kuwemo.

Kiwanja cha Chanika kikauzwa. Kwa kuwa Hilari alinyimwa likizo kazini, kaka Ponsian ndiye aliyepanda basi kutoka Usevya hadi Mpanda, akatafuta kiwanja mtaa wa Nsemulwa, akalipa. Picha ikaja kwenye simu: udongo mwekundu, vigingi vinne, na Ponsian katikati, kofia mkononi, amesimama wima kama anapigwa picha ya kitambulisho. Baadaye zikaja picha za msingi, kisha za kuta, kisha za mabati yanayong'aa. Evaline alizionyesha kwa kila aliyefika kununua vitumbua. Vyumba vinane, aliwaambia, vinne vinatazamana na vinne.

Hilari alipostaafu alitangulia Mpanda kumalizia kazi ndogondogo. Walikubaliana kwamba Evaline abaki kwanza Mbagala, kwenye chumba alichopanga mtoto wao Thadei, fundi wa kupaka rangi magari. Vyumba vikishapata watu, naye atafuata.

Ikapita miaka miwili.

"Vyumba vimepata watu?" Evaline aliuliza kwenye simu.

"Vyote vina watu."

"Sasa mbona sioni kitu?"

Mwezi mmoja ilikuwa shimo la choo limejaa. Mwezi mwingine ukuta wa nyuma. Kisha bomba. Akisema basi nije, Hilari alimjibu asubiri kidogo, mambo yakae sawa. Wanawake wa Tandika walikuwa na msemo wao, kwamba mwanaume akienda kujenga mbali naye hujengwa. Evaline aliwahi kuucheka msemo ule. Sasa haukumchekesha tena. Mwezi wa sita, bila kumwambia mtu isipokuwa Thadei, alipanda basi la Mpanda.

Alifika siku ya pili, saa nne asubuhi, miguu imevimba. Dereva wa bajaji hakuhitaji kuelekezwa sana. "Kwa mzee Hilari? Ile nyumba ndefu ya jirani na mashine ya kusaga?" Akampeleka.

Nyumba ilikuwa ni ile ile ya picha, ila imechuja. Uani, mwanamke mmoja wa makamo alikuwa anafua, na watoto watatu wanakimbizana kati ya ndoo. Evaline aliweka begi chini, akamsalimu, akamwuliza kama amepanga hapo.

"Sijapanga," mwanamke alisema. "Mimi wa hapa hapa nyumbani."

Evaline akamtazama vizuri: kanga kuukuu, mikono ya jembe, uso ambao hakujua aliuona wapi. Kisha mwanamke akafuta povu mikononi na kusimama. "Wewe siyo wifi wa Dar? Mimi Romana. Dada yake Hilari."

Hapakuwa na mwanamke mwingine. Hilo alilijua kabla jua halijafika utosini, na nusu saa baadaye alijikuta anatamani kama angekuwepo, kwa kuwa mwanamke unaweza kumfukuza.

Chumba cha kwanza kushoto alikaa Romana na wanawe watatu, tangu alipoachana na mumewe. Kilichofuata alikaa mama Sikujua, mdogo wa marehemu mama yao, aliyekuja mjini kutibiwa macho na hakurudi tena. Cha tatu alikaa Scola, binti wa Ponsian, aliyekuwa anasomea unesi, pamoja na mwenzake. Cha nne alikaa Zefania, mtoto wa binamu yao, dereva wa bodaboda. Upande wa kulia, viwili vilikuwa na wapangaji wa kweli: Machibya, Msukuma mfanyabiashara wa mchele, na mwalimu mmoja aliyeitwa Hezron. Cha saba kilifungwa kwa kufuli. Romana alipokifungua kumwonyesha, Evaline aliona magunia ya mpunga kutoka sakafuni hadi karibu na dari. "Ya kaka Ponsian," Romana alisema. "Anasubiri bei ipande."

Cha nane kilikuwa cha Hilari. Alikuwa amelala, mguu wa kushoto juu ya mto, umefungwa kitambaa cheupe. Alikuwa amekonda mpaka saa ya mkononi imepanda karibu na kiwiko.

"Umekuja," alisema, wala hakuonekana kushangaa.

"Mguu una nini?"

"Kisukari. Kidonda kidogo tu. Hakitaki kupona."

"Tangu lini?"

Hilari alitazama ukutani. Romana ndiye aliyejibu kutoka mlangoni. "Tangu mwaka juzi mwishoni, wifi. Kila asubuhi nauosha mimi."

"Mimi sikuambiwa," Evaline alisema.

"Hukuambiwa," Romana alisema. Hakusema kwa ubaya, lakini maneno yalibaki pale chumbani, na kwa siku nyingi Evaline alihisi kama anayazunguka kila anapoingia na beseni.

Maana beseni alilichukua. Kuanzia asubuhi ya pili aliosha kidonda yeye, akampikia mumewe uji usio na sukari, akampeleka hospitali kwa bajaji. Hakuzungumzia vyumba. Alijiambia mgonjwa hasumbuliwi. Siku ya nane alishindwa.

"Baba Thadei, hawa watu hawalipi?"

"Nimdai kodi mama mdogo?" Hilari aliuliza kwa sauti ya chini, kwa kuwa kuta zilikuwa nyembamba. "Nimdai Romana, na watoto wale? Nikiwa Dar, nilikuwa mtu wa Dar. Hapa mimi ni mtoto wa mzee Kalumbi. Mtu akitoka Usevya kuja hospitali, kuja shule, kuja kutafuta kazi, anauliza kwa Hilari ni wapi. Ningesemaje?"

"Ungesema vyumba ni vya biashara. Ndivyo ulivyoniambia mimi."

"Nilikuambia nilivyofikiri."

Evaline alichukua beseni, akatoka. Usingizini alikuwa akiona kiwanja cha Chanika na ule mwembe mchanga alioupanda kwenye kona yake, lakini mchana alijitahidi kutokifikiria. Nyumba ipo, alijiambia. Ndugu watakuja na kuondoka, nyumba itabaki.

Katika wiki ya tatu, mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano kwenye uwanja wa shule. Wapimaji walikuwa wanapita Nsemulwa kurasimisha makazi, kila nyumba ipimwe na mwenye nyumba apatiwe hati. Hilari hakuweza kutembea umbali ule, kwa hiyo Evaline alikwenda yeye. Alikaa kwenye benchi la mbele, amevaa kitenge chake kizuri. Mwenyekiti, mzee mpole aliyeitwa Deogratias, alisoma majina ya wenye nyumba kutoka kwenye daftari la mtaa, mmoja mmoja, wayahakiki kabla hayajapelekwa mbele. Alipofika kwenye nyumba ya karibu na mashine ya kusaga, akasoma:

"Ponsian Kalumbi."

Evaline alidhani amesikia vibaya. Mkutano ulipokwisha alimfuata mwenyekiti. "Mzee, ile nyumba ni ya Hilari Kalumbi."

"Mzee Hilari namfahamu, ni jirani yangu," Deogratias alisema. Akafungua faili, akamwonyesha nakala ya mkataba wa mauziano. Mnunuzi: Ponsian Kalumbi. Chini yake dole gumba la muuzaji na sahihi za mashahidi. "Ndilo jina lililoletwa hapa siku ya kununua, mama. Kama kuna mabadiliko, waje wahusika wenyewe kabla ya mwisho wa mwezi. Majina yakishakwenda kwenye hati, kuyarudisha ni kesi."

Evaline alirudi kwa miguu, jua kali, hata mwavuli hakuufungua. Alimkuta Hilari kwenye kiti nje ya mlango wake. Alivuta ndoo tupu, akaigeuza, akakaa mbele yake karibu kabisa.

"Ulijua?"

Hilari hakujifanya hajui anaulizwa nini. "Muuzaji alitaka mnunuzi awepo pale pale. Kaka ndiye aliyekuwepo. Waliandika jina lake. Nilisema nitakapokuja tutabadilisha."

"Umekuja. Miaka miwili umekuja."

"Nilipokuja," Hilari alisema, akasita, akaanza tena. "Hela ya Chanika haikumaliza nyumba, mama Thadei. Wala mkopo niliochukua kazini haukumaliza. Saruji ilipanda, mabati yakapanda. Nyumba ilisimama bila paa, mvua ziko njiani. Kaka aliuza maksai wake wawili wa kulimia. Paa hili la kaka. Sasa ningeanzia wapi kumwambia, kaka, futa jina lako?"

"Uliniambia hela imetosha."

"Nilikuwa nimekuuzia kiwanja chako. Ningekuambia haikutosha?"

Uani, Romana, aliyekuwa anapepeta mchele, alikuwa ameacha kupepeta. Evaline alijua kwamba kila mlango ulikuwa unasikiliza, na kwamba wote walikuwa wanalijua jambo hili kabla yake. Hilo lilimchoma kuliko lile jina. Alikuwa amewapikia watu hawa wiki tatu, na wote walikuwa wakimwita mwenye nyumba huku wanajua.

"Na ukifa," alimwambia mumewe taratibu, "mimi nitakuwa mgeni wa nani hapa?"

Hilari alifunika uso kwa kiganja. Evaline hakumsubiri. Aliingia ndani akampigia Thadei.

Thadei alikasirika kuliko yeye. "Usiongee nao tena, mama. Nenda baraza la ardhi. Tafuta wakili. Mambo ya kukaa na kuzungumza ndiyo yaliyowaliza watu."

"Wakili nitamwambia nini? Karatasi niliyonayo ni ya Chanika, na nimeshaisaini kuuza."

"Basi rudi Dar."

"Nirudi wapi, Thadei? Chumbani kwako? Na wewe unataka kuoa."

Kijana alisema ana mteja, atampigia baadaye.

Asubuhi yake Evaline alipanda gari la kwenda Usevya. Hakumuaga Hilari vizuri, alimwambia tu Romana dawa ziko wapi. Baada ya Sitalike gari liliingia hifadhini, na mbung'o wakaingia kwa madirisha, abiria wakawa wanawapiga kwa kofia na kanga. Jirani yake alimwonyesha twiga. Evaline alitazama upande ule kwa adabu, wala hakuona twiga wala mti. Alikuwa anapanga maneno. Aliyapanga makali, akayapangua, akayapanga tena.

Ponsian alikuwa shambani, wanapiga mpunga juu ya turubai. Alikuwa mtu mrefu, mkubwa kuliko Hilari kwa miaka sita, na hatua zake zilikuwa za mtu asiyewahi kukimbilia basi. Alipomwona alivua kofia.

"Shikamoo shemeji," Evaline alisema.

"Marahaba. Umekuja kwetu hatimaye. Mguu wa Hilari?"

"Uko vile vile. Shemeji, nimekuja kwa ajili ya jina."

Ponsian hakuuliza jina gani. Alimwita kijana ashike fimbo yake ya kupigia, akampeleka Evaline nyumbani, akamkalisha, akaagiza maji, na alisubiri mpaka ameyanywa.

"Shemeji, mimi sijakataa," alisema.

"Lakini hujakubali."

"Kuna mtu ameniomba nikakataa? Hilari hajaniomba. Hata siku moja. Anakuja hapa, tunakula, anaondoka."

"Basi mimi ninakuomba."

Ponsian alitazama mikono yake. "Mwaka ule nilipouza maksai, nililima kwa jembe la mkono. Mimi na mama Scola. Mvua zilitupita, nusu ya shamba haikupandwa. Hilari alisema atarudisha. Hajarudisha, sikumdai, ni ndugu yangu. Lakini sikuwatoa maksai wangu kwa ajili ya nyumba ya mtu wa Dar. Sisi Mpanda hatukuwa na pa kufikia, shemeji. Mama yetu alilala siku mbili kwenye veranda ya hospitali, Hilari yuko Dar, mimi niko huku, na mjini hatuna ndugu mwenye mlango. Alikufa pale verandani. Hilari alipoleta habari za kujenga Mpanda, nilisema sawa, sasa tutakuwa na mlango."

Evaline hakujua habari ya veranda. Miaka thelathini na moja ya ndoa, aliambiwa tu kwamba mama mkwe alifariki hospitalini.

"Na mimi nilikuwa na kiwanja," alisema. Maneno yote makali aliyoyapanga garini hayakuja, yalikuja haya mengine. "Nilikinunua kwa moto wa miaka kumi na moja. Vidole hivi, viangalie. Nilikitoa kwa sababu niliambiwa nitazeekea kwenye nyumba yangu. Hilari akifariki kesho, wanao wataniambia nini?"

"Wanangu hawawezi kukufukuza."

"Wewe huwezi. Wanao sijui, na wewe pia hujui."

Ponsian hakubisha. Alisema tu kwamba atalifikiria, na kwamba mavuno hayajaisha. Kisha akarudi shambani.

Mama Scola, mkewe, alimpikia wali na samaki wa ziwani Rukwa. Wakiwa wawili jikoni, aliongea bila kuacha kukoroga. "Anavyosema atafikiria, anafikiria kweli. Siyo mtu wa kukwepa. Ila usimwache afikirie peke yake, watoto wakubwa wa kiume wapo." Kisha akaongeza, "Mimi hii nyumba ninayokupikia nimeibeba kwa kichwa, udongo na maji. Sijawahi kuuliza jina."

Evaline alilala kule siku mbili. Siku ya kwanza aliomba kwenda kupiga mpunga nao, akaenda, mikono ikamtoka malengelenge. Hakufanya hivyo kwa ujanja. Alishindwa tu kukaa amekunja mikono kwenye boma la watu wanaofanya kazi. Jioni ya pili Ponsian alimwambia, "Jumatatu nitakuja."

Alikuja Jumatatu, na watoto wake wawili wakubwa wa kiume, wamevaa mashati ya kanisani. Hilari alibebwa kwenye bodaboda ya Zefania hadi ofisi ya mtaa, mguu umenyooshwa pembeni. Walikaa kwenye mabenchi: akina Kalumbi wote upande mmoja, Evaline akajikuta upande wa pili, karibu na dirisha. Hilari alimwona, akataka kuhama, akashindwa kuinuka.

Mtoto wa kwanza wa Ponsian alianza. Alisema kwa heshima kwamba nyumba ni ya ukoo, baba mdogo amejenga kwa ajili ya ukoo, na mama mdogo ataheshimiwa siku zote.

"Mimi sitaki kuheshimiwa," Evaline alisema. "Nataka kuandikwa."

Kijana alimtazama baba yake. Ponsian alimtazama Hilari. "Wewe unasemaje?" alimwuliza.

Hilari aliongea akitazama sakafu. Alisema kiwanja kilinunuliwa kwa hela ya mke wake. Alisema kuta ni za mkopo wake wa kazini, na paa ni la kaka. Alisema angepaswa kuyasema haya tangu mwanzo, mbele ya kila mmoja, lakini alitaka kila mmoja aendelee kumwona kuwa ameweza. Sauti ilimpotea mwishoni, na Deogratias akajifanya anatafuta kalamu.

"Hati inaweza kubeba majina zaidi ya moja," mwenyekiti alisema baadaye. "Lakini semeni leo."

Watoto wa Ponsian walianza kunong'ona, akawanyamazisha kwa mkono. "Andika watatu," alisema. "Hilari, mke wake, na mimi. Sitajitoa, mzee. Maksai wangu hawakuwa zawadi."

Thadei alikuwa ameshamwonya mama yake kwenye simu asubuhi ile: wakikupa kipande usisaini, ukisaini umekubali. Evaline alifikiri juu ya hilo. Kiwanja chote kilikuwa chake, na sasa anapewa theluthi, tena theluthi ya nyumba yenye vyumba vinne vya watu asioweza kuwatoa. Akafikiri pia juu ya baraza, na miaka, na mguu wa Hilari. Aliomba kalamu. Kalamu ilimuuma kwenye malengelenge ya mpunga, na jina lilitoka limepinda.

"Nina neno moja," alisema kabla hawajainuka. "Kile chumba cha magunia. Nakihitaji."

"Utakipangisha?" Ponsian aliuliza.

"Nitakaa mimi."

Hakuna aliyetazama upande wa Hilari.

Ponsian alikaa siku tatu Mpanda. Machibya alinunua magunia yote kwa bei ambayo Ponsian hakuipenda, na Ponsian mwenyewe, pamoja na wanawe, aliyabeba mgongoni hadi kwenye lori. Hakulalamika. Alipomaliza alifagia chumba, akampa Evaline ufunguo, akaondoka kwenda Usevya bila kuingia kumuaga ndugu yake. Tangu siku ya ofisi, kaka hawa wawili hawakuwa wameongea, na Romana alisema hajapata kuona hilo tangu azaliwe. Alilisema akimtazama Evaline, na tangu siku hiyo alipika chakula chake na wanawe kwenye jiko lake peke yake. Mama Sikujua, ambaye haoni, ndiye pekee aliyeendelea kumwita Evaline aje aongee naye.

Mchana mmoja, wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, Evaline alikuwa anaziba matundu ya panya kwa saruji iliyobaki. Chumba kilinuka pumba na vumbi. Hakuwa na kitanda bado, alikuwa na godoro tu na begi alilokuja nalo. Alisikia gongo la Hilari likija kwenye korido, polepole, likasimama mlangoni kwake.

"Umekula?" Hilari aliuliza kutoka nje.

"Nimekula."

"Daktari amesema watakata vidole viwili. Wiki ijayo."

Evaline aliacha kuziba. Alikaa amechuchumaa, saruji imemkauka kwenye kucha. "Nitakupeleka," alisema.

"Na baada ya hapo? Utarudi chumbani?"

Alifikiri amdanganye, kwa kuwa alikuwa mgonjwa. Lakini katika nyumba ile watu walikuwa wamedanganyana kwa huruma miaka kadhaa, na yeye alikuwa anayajua matunda yake.

"Sijui, baba Thadei," alisema. "Sasa hivi sijui."

Gongo la Hilari likarudi lilikotoka. Evaline akaongeza maji kwenye saruji kabla haijaganda yote, akaendelea na tundu la pili.